Posho ya Mpagazi: Nani Alimlisha Mgeni Katika Njia ya Tabora?

Neno "posho" limechafuka kwetu Tanzania. Likitajwa, fikra za msikilizaji hukimbilia bahasha, karatasi ya mahudhurio inayosubiri sahihi, na safari ya kikazi ambayo pengine barua moja ingetosha. Mwaka 2011 mjadala wa posho za vikao vya wabunge uliwasha moto nchini, na tangu hapo neno hilo halijapona. Lakini vuka mpaka uingie Uganda, umuulize mwanafunzi wa shule ya bweni posho ni nini. Atakujibu kwamba ni ugali: ugali wa mahindi, unaoliwa kwa maharage, siku baada ya siku, mpaka mlaji anauchukia. Nenda Kenya nako utakuta kinu cha kusagia mahindi kikibeba jina hilo hilo.

Neno moja, majirani watatu, maana tatu: fedha, chakula, kinu. Mimi si mwanaisimu na sitajifanya. Ila kama mtu aliyeajiriwa kufundisha historia, naona kwamba maana hizo zilikuwa kitu kimoja katika karne ya 19, kwenye barabara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Posho ilikuwa kile alichopewa mpagazi ili apate kula. Mara ilikuwa nafaka, mara nyingi zaidi ilikuwa kipande cha kitambaa au kete za shanga, na kwa vyovyote vile ilimlazimu kumtafuta mtu wa kumuuzia unga kabla jua halijazama. Kuhusu mtu huyo wa mwisho, aliyeuza unga, vitabu vyetu vya shule vimenyamaza kabisa.

Ninaandika nikiwa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Wasomaji Wakatoliki wanalijua jina hili kwa sababu ya seminari kuu iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo imewalea mapadre wengi wa nchi hii na maaskofu wake. Wapenda vitabu wa rika langu wanalikumbuka kwa mitambo ya uchapaji ya wamisionari. Lakini Kipalapala ilikuwa na maisha mengine kabla ya hayo. Katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe walikuwa na kituo hapa, pamoja na nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani, hadi mwaka 1889 walipolazimika kuondoka kwa sababu ya uhasama wa Mtemi Isike. Kila ninapopita hapa hujiuliza swali la kijinga kidogo, ambalo mwanahistoria mwenye heshima zake asingelianza nalo: watoto wale walikuwa wakila nini asubuhi, na nani alikilima? Nafaka haikuja kwa meli kutoka Algiers. Ilitoka katika mashamba haya haya ya Unyamwezi, mtama na uwele, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuitoa.

Tumeizoea historia ya njia hii kama historia ya majina. Burton na Speke walifika Kazeh, ndivyo walivyoiita Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokelewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akafika Unyanyembe tarehe 23 Juni, na Waarabu wa Tabora wakamletea wali, kuku wa mchuzi, mikate ya ngano na matunda. Wageni hawa wote wameandika kwa kirefu kuhusu ukarimu wa barazani, na hawakusema uongo: Waarabu wa Unyanyembe walipanda ngano, mpunga, vitunguu, milimau na mikomamanga, na miembe ya zamani ya Tabora bado inatupa kivuli. Lakini mgeni wa barazani alikuwa mmoja. Nyuma yake, uani na kando ya ukuta wa tembe, walikaa watu mia au mia mbili waliobeba mizigo yake. Nao walikuwa wageni. Wao hawakuletewa sinia.

Hesabu ya chakula chao ilikwenda hivi. Mtu mmoja alihesabiwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba ni robo ya pishi, na Burton alikikadiria kuwa karibu ratili moja na nusu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani ratili sabini. Fanya hesabu nami, msomaji: mtu akibeba chakula chake tu, asibebe kitu kingine chochote cha tajiri, mzigo mzima utaisha baada ya siku 46. Stanley, aliyejisifu kwa kwenda mbio, alitumia miezi mitatu. Maana yake ni kwamba msafara haukuweza kubeba chakula chake. Haikuwa suala la uhodari wa Mnyamwezi wala la mgongo wake. Hesabu yenyewe ilikataa. Njia yote ya Tabora, pembe zote za ndovu zilizokwenda Zanzibar, utajiri wote wa akina Tippu Tip, vilitegemea jambo moja: kwamba kila baada ya siku moja au mbili za mwendo, kuwe na mtu aliyelima zaidi ya mahitaji ya nyumba yake na aliye tayari kumuuzia mtu asiyemjua.

Ndiyo sababu ya kitambaa. Kitambaa ni chepesi kuliko nafaka na hakioti ukungu haraka. Merikani, ile shuka nyeupe iliyofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, ilikuwa fedha ya njia hii kwa miongo kadhaa, pamoja na kaniki kutoka India na shanga za rangi ambazo kila nchi ilichagua zake. Shuka moja ilikuwa mikono minne. Shuka mbili zilifanya doti. Stanley alipokuwa Zanzibar akijiandaa, aliwauliza wenye uzoefu, akaambiwa kwamba watu mia wangetosheka na chakula cha doti kumi kwa siku. Doti kumi ni shuka ishirini. Kwa hiyo shuka moja iliwalisha watu watano.

Hapa ndipo ninapoona jambo ambalo hesabu za Stanley hazikukusudia kutuonyesha. Shuka haikatwi vipande vitano. Ukiikata hivyo unabaki na matambara ambayo hakuna mwanamke wa Ugogo wala wa Tura atakayekupa unga kwa ajili yake. Basi posho yenyewe iliwalazimisha watu kula pamoja. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameeleza namna wapagazi walivyojigawa katika vikundi vidogo vilivyoitwa kambi, kila kikundi kikiwa na chungu chake na kibanda chake. Sisi leo tunadhani kambi ni mahali. Kwao ilikuwa pia watu: wale uliokula nao. Mizigo ilipotuliwa, mmoja alikwenda kutafuta maji, mwingine kuni, mwingine alikata matawi ya kibanda, na mwingine, ambaye naamini alichaguliwa kwa ulimi wake kuliko kwa nguvu zake, alichukua shuka kwenda kujadiliana bei. Kisha mafiga matatu, chungu kimoja, ugali wa mtama, na kitoweo kama kipo. Mpagazi akiugua njiani, waliombebea mzigo au waliomlilia ni hao wa kambi yake. Wasomi wetu wanaotafuta mizizi ya vyama vya wafanyakazi katika bandari na reli wangefaa kuanza na chungu hiki.

Na huyo aliyeuza? Mara nyingi alikuwa mwanamke. Msafara ulipotua karibu na vijiji vya Ugogo au vya Unyamwezi, wenyeji walileta unga, kunde, karanga, samli, asali na pombe, na soko lilisimama pale pale chini ya mbuyu kwa muda wa jioni moja. Wakati mwingine mtawala wa mahali alipiga marufuku kuuza mpaka hongo ilipwe, kwa sababu alijua fika kwamba silaha yake kali si mkuki bali ni ghala. Na palikuwa na sehemu ambazo soko halikusimama kabisa. Kati ya Ugogo na Tura, mpaka wa mashariki wa Unyamwezi, kulikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali, lenye maji haba na vijiji vichache mno, na hapo kila mpagazi alilazimika kuongeza nafaka juu ya mzigo wake. Majina ya namna hii hayatungwi na wapimaji wa ramani. Yametungwa na watu waliolala na njaa.

Wanawake hawakuwa upande wa kuuza peke yake. Wengi walisafiri na misafara, wakiwa wake wa wapagazi au kwa ajira yao wenyewe, wakibeba vyungu, mikeka na unga, na jioni kazi yao ndiyo kwanza ilianza. Mmoja wao tunalijua jina lake, nalo ni bahati tu. Halima alikuwa mpishi wa Livingstone, mke wa Amoda, mmoja wa watumishi wa Livingstone. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 alimkuta jikoni amejawa na wasiwasi wa kumwandalia mgeni chakula kinachostahili. Mwaka uliofuata, kabla Livingstone hajaondoka Unyanyembe tarehe 25 Agosti 1872, Halima aligombana na mwenzake, akatoroka, kisha akarudi. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba amemsamehe mara moja, kwa kuwa hakuwa na mtu bora kuliko yeye katika msafara mzima, na kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Livingstone hakufika Zanzibar akiwa hai. Alifia kwa Chitambo mwaka 1873. Watanzania wengi waliosoma shule wanawajua Chuma na Susi, walioubeba mwili wake hadi pwani. Sijawahi kusahihisha mtihani hata mmoja wenye jina la Halima.

Neno hilo "huru" katika ahadi ya Livingstone lisitupite. Tusijidanganye kwamba uchumi huu wa kulisha wageni ulikuwa soko la watu huru watupu. Kadiri vijana wa Kinyamwezi walivyokwenda pwani, ndivyo mashamba ya nyumbani yalivyohitaji mikono mingine, na faida ya safari ilitumika kununua watu, wengi wao wanawake kutoka Manyema na magharibi ya Ziwa Tanganyika. Ndio waliolima mtama, ndio waliotwanga, na baadhi ya unga ulioshibisha misafara ya Tabora ulitoka katika vinu vyao. Wajukuu zao ni wenyeji wa Tabora na Ujiji leo, na hakuna haja ya kumuuliza mtu katika daladala asili ya bibi yake. Lakini katika historia tunayowafundisha watoto, mtumwa ni mtu anayetembea na mnyororo kuelekea pwani. Mtumwa aliyebaki Unyamwezi akipika, tumemwacha nje.

Nakiri kwamba vitabu peke yake visingenifikisha kwenye maswali haya. Nilisomea shahada ya uzamivu Wuhan, China, na kwa miaka kadhaa sikuwa na jiko. Asubuhi, kama watu wote wa mji ule, nilikula tambi kavu za moto zilizochanganywa na rojo la ufuta, tena nikiwa natembea, maana huko mtu haoni aibu kula kifungua kinywa barabarani. Jioni nilikwenda kwenye kiduka cha tambi za kuvutwa kwa mkono, mita chache kutoka lango la bweni. Meza sita, picha za vyakula ukutani, sufuria ya supu ya ng'ombe isiyozimwa moto. Mpishi alikuwa kijana aliyekanda donge la unga wa ngano, akalivuta kwa mikono miwili, akalikunja, akalivuta tena, mpaka likawa nyuzi, akalitupa katika maji yanayochemka. Bakuli lilikuja na giligilani na vipande vyembamba vya nyama. Kwa kuwa lugha ilinishinda miezi ya mwanzo, niliagiza kwa kidole.

Mwanzoni nilidhani ninakula chakula cha wenyeji. Sivyo. Wenye duka walikuwa Wahui, Waislamu wa China, na kwao kulikuwa mbali sana, katika wilaya ya Hualong, jimbo la Qinghai. Tambi zile zinaitwa kwa jina la mji wa Lanzhou, lakini watu wa Hualong ndio waliozitawanya, wakifungua viduka vya aina hiyo katika miji mingi ya China, ndugu akimwita ndugu, mpwa akianza kwa kuosha mabakuli kabla hajaruhusiwa kugusa unga. Wateja wao ni vibarua wa ujenzi, madereva, wanafunzi, na Mwafrika mmoja mmoja anayetafuta nyama iliyochinjwa kihalali au tu bakuli la bei nafuu. Mgeni alikuwa akimlisha mgeni. Mama mwenye duka alinizoea. Nikichelewa alinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani kama mama yeyote anayemgombeza mwanawe. Kwa Kichina changu kibovu aliniuliza swali moja ambalo hakuna profesa aliyeniuliza: kwetu, mtu wa mbali anakula wapi?

Swali hilo lilinishughulisha kuliko tasnifu. Nilirudi kwenye maandishi ya njia ya Tabora nikiwa na jicho jingine, na kurasa nilizokuwa nikizirukaruka, zile za bei za unga na malalamiko ya posho, ndizo nilizozisoma kwa kalamu mkononi. Ndipo nilipoiona Tabora ya karne ya 19 kama ilivyokuwa: mji ambao karibu kila mtu alitoka mahali pengine. Wamanga, Wangwana wa pwani, Wamanyema, Waha, Wasukuma, wapagazi waliomaliza mkataba wakisubiri mwingine. Mji kama huo hausimami kwa sababu una gavana. Unasimama kwa sababu kuna mahali pa kununua chakula ukiwa huna shamba wala shangazi. Na lugha ya kununulia ilikuwa Kiswahili. Tunapenda kusema kwamba Kiswahili kilienea bara kwa biashara ya pembe na watumwa. Ni kweli, lakini anayezungumza sana sokoni si mwenye pembe, ambaye ana siku tatu za kukaa barazani. Ni yule mwenye shuka moja na matumbo matano yanayomsubiri.

Utaratibu huu wa kambi na chungu ulivunjwa vibaya katika Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi yote yaliyopigana katika ardhi yetu yalitegemea wapagazi, safari hii wakiwa wamekamatwa kwa nguvu, na posho yao ikawa unga wa mahindi uliogawiwa kwa amri. Walipewa chakula ambacho wengi hawakukizoea, unga wenye makapi, wakati mwingine bila kuni za kutosha wala muda wa kuuivisha. Kuhara damu kuliwaua kuliko risasi. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na makaburi yao mengi hayana alama. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakoo yetu, soko kuu la chakula la Dar es Salaam. Nimewauliza wanafunzi wangu miaka yote hii. Wanaojua Kariakoo imetoka wapi ni wachache, na wanaojua kwamba watu wa jina hilo walikufa kwa chakula kibovu ni wachache zaidi. Baada ya vita, posho ya unga wa mahindi ikahamia kwenye mashamba ya mkonge, ambako maelfu ya Wanyamwezi walikwenda kama manamba, ikahamia migodini na katika shule za bweni. Huo ndio ugali wa mwanafunzi wa Uganda. Na ndiyo bahasha yetu: mwajiri alipochoka kugawa unga akagawa fedha ya kununulia unga, na polepole waliopewa fedha wakawa watu ambao hawakosi unga nyumbani.

Lakini soko la chini ya mbuyu halikufa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpagazi wa masafa marefu akatoweka karibu kwa mpigo mmoja. Wauza chakula wao walihamia stesheni. Msomaji aliyewahi kupanda treni ya Kati hahitaji maelezo yangu: treni inapunguza mwendo, na kabla haijasimama madirisha yamejaa mabeseni. Saranda ilijulikana kwa chakula chake kiasi kwamba abiria walijinyima tangu asubuhi wakiisubiri. Kuku wa kienyeji, wali uliofungwa, mayai, karanga, na ukiingia Unyamwezi, asali na matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu yaliyochemshwa na kukaushwa juani, chepesi kubeba na yasiyooza. Bei inajadiliwa juu kwa chini, dirishani na ardhini, injini ikipiga honi. Mnunuzi hamjui muuzaji, hatamwona tena, lakini anakula alichopika bila hofu. Watu hujenga imani ya namna hiyo kwa vizazi, na hawaisajili popote.

Mijini sura yake ni mama ntilie. Jina lenyewe ni sauti ya mteja: "Mama, nitilie." Serikali, nadhani kwa kuona jina hilo halina adabu ya kutosha, ikatupa "mama lishe", jina la warsha. Mahusiano yetu rasmi na wanawake hawa yamekuwa ya kigeugeu. Mwaka 1983 ilipita sheria ya Nguvu Kazi, na mtu asiye na kazi inayotambulika, awe muuza vitumbua au kibarua, aliweza kusombwa mjini apelekwe kulima. Mwaka 2018 wajasiriamali wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili wasibughudhiwe. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Kila awamu imekuwa na hoja zake, na sitasema kwamba hoja za usafi na za barabara kupitika ni za uongo. Kipindupindu si hadithi. Ninachosema ni kwamba katika mijadala yote hiyo mpishi wa barabarani ameelezwa kama tatizo la mipango miji lililotokea juzi kwa sababu ya umaskini. Hakuna aliyesimama kusema kwamba yeye ni mkubwa kuliko manispaa. Alikuwapo kabla ya reli na kabla ya boma la Mjerumani, na boma lenyewe lilimhitaji.

Ninalisema sasa kwa sababu njia inajengwa upya. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021, wa Tabora hadi Isaka Julai 2022, na wa Tabora hadi Kigoma Desemba 2022. Ni kambi tena: Waturuki, Wachina, vijana wa Kitanzania kutoka kila mkoa, wote mbali na kwao, na pembeni ya kila eneo la kazi nimeona turubai, benchi la mbao na sufuria ya maharage. Kijana wa mitambo mwenye kofia ya njano anakula deni hadi mwisho wa mwezi. Daftari la deni linawekwa chini ya mfuko wa mchele. Ni shuka ile ile.

Ila treni ya umeme haifungui madirisha. Tumeiona tayari tangu ilipoanza safari za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024: baridi ndani, vioo vilivyozibwa, kituo cha dakika chache, na geti ambalo asiye na tiketi halivuki. Ninaipenda treni hiyo; nimeipanda, na sitamani kurudi kulala Itigi nikisubiri injini. Lakini nilipozungumza hivi karibuni na mama mmoja anayeuza matobolwa na asali stesheni ya Tabora, aliyeanza kazi hiyo akimsaidia mama yake, hakuniuliza kuhusu mwendokasi. Aliuliza, "Mwalimu, na sisi watatuweka wapi?" Nilimwambia sijui. Akanifungia matobolwa yangu katika karatasi, akaongeza mawili.

Jibu la swali lake si la kifalsafa. Ni suala la michoro. Vituo vya Tabora na vile vidogo vya katikati ya Unyamwezi bado vinaweza kuwekewa, ndani ya geti na si nje yake, sehemu yenye maji ya bomba, moshi unaopata pa kutokea, na kodi inayolipika na mtu anayeuza sahani, si kampuni inayouza soda kwa bei ya uwanja wa ndege. Wahandisi hupokea maelekezo kutoka kwa anayelipa, na anayelipa ni sisi. Madiwani wa Tabora wanaosoma makala haya, nanyi wabunge wa mkoa, kikao kijacho mtakapokuwa mkisaini karatasi ya posho, ulizeni michoro hiyo iko wapi na nani ameiona.